Dakika unazopoteza steji: Tunahitaji matatu zinazoondoka kabla ya kujaa

UKITAFUTA keja Nairobi, ajenti atakutajia mambo matatu haraka haraka: maji yapo, ulinzi upo, na steji iko karibu. Hilo la tatu ndilo humaliza mjadala. Unalipa kodi ya mwezi wa kwanza na kuhamia. Wiki ya pili ndipo unapogundua kwamba steji kuwa karibu si sawa na gari kuwa karibu. Unaweza kuishi hatua hamsini kutoka barabarani na bado ukasimama hapo nusu saa ukichungulia. Au, mbaya zaidi, ukakaa ndani ya mathree iliyoegeshwa, injini ikinguruma, makanga akiimba "wawili twende!" ilhali wewe unahesabu viti saba vitupu.

Tumezoea. Tukilalamikia usafiri wa jiji hili, huwa ni nauli iliyopanda ghafla kwa sababu mvua imenyesha, au muziki wa kupasua masikio, au msongamano. Kusubiri hatukuhesabu. Tunakuchukulia kama jua na mvua, kitu ambacho hakina mwenyewe. Lakini kuna sababu za wewe kusubiri, na kuna watu wenye uwezo wa kukupunguzia. Ukizielewa sababu hizo, utajua pia nani wa kuulizwa.

Piga hesabu ya wiki moja

Anza na hesabu ndogo. Tuseme magari ya njia yenu hupita kila baada ya dakika 10, kwa mwanya unaolingana. Ukifika steji saa yoyote bila kupanga, kwa wastani utasubiri dakika 5. Yakipita kila baada ya dakika 30, wastani huo unapanda hadi dakika 15. Tofauti ni dakika 10 tu. Utasema hiyo si kitu, ni nyimbo tatu kwenye simu.

Sasa ongeza. Kama unapanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, hizo ni dakika 40 kwa siku. Kwa siku tano za kazi ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Kwa wiki 48 za kazi katika mwaka, umefika saa 160. Hizo ni siku 20 za kazi ya saa nane kila moja. Kwa muda huo ungemaliza kozi fupi, ungelala, ungekaa na watu wako. Na hapo bado hatujagusa msongamano. Ni kusubiri tu.

Tena wastani hautoi picha yote. Mtu mwenye intavyu saa mbili asubuhi hapangi safari kwa kufuata wastani. Anapanga kwa kuogopa siku mbaya kuliko zote. Ndiyo maana unaamka saa kumi na nusu kwa safari ambayo, barabara ikiwa wazi, ingekuchukua dakika 40. Usipoliamini gari, unalipa kwa usingizi wako.

Kwa nini dere hasongi mbele

Rahisi kumtukana makanga. Lakini tazama hesabu yake. Gari si lake wala si la dereva. Asubuhi wanajua kuna kiasi ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni, ile tageti. Juu yake kuna mafuta, ada za sacco, na pesa nyingine za njiani ambazo sote tunazijua na hatuzitaji. Kinachobaki ndicho chakula chao. Kwa hivyo kila kiti kinachoondoka kitupu kinatoka mfukoni mwao. Saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, kungoja gari lijae ni uamuzi wa busara kwa mtu aliye katika hali hiyo. Hata wewe ungengoja.

Anayeumia kwanza ni wewe uliye ndani. Anayefuata ni yule aliye katikati ya njia, ambaye kila gari linampita likiwa limejaa kwa sababu lilikataa kuondoka mwanzoni hadi lijae. Yeye haoni viti saba vitupu. Yeye huona tu vioo na mgongo wa matatu.

Halafu kuna lile jambo la kusubiri dakika 25 kisha magari matatu ya sacco moja yafike kwa pamoja yakifukuzana. Hilo pia lina maelezo. Gari la kwanza likichelewa kidogo, linakuta watu wengi zaidi kila steji. Kuwapakia kunalichelewesha zaidi. La nyuma yake linakuta steji tupu, kwa hivyo linakimbia hadi linalifikia. Hata mabasi yenye ratiba huwa na tatizo hilo mahali popote duniani asipokuwepo mtu wa kuyatenganisha. Sasa ongeza kwamba madereva wetu wanagombania abiria walewale, na unapata mbio za Jogoo Road.

Dawa yake inajulikana: mhudumu alipwe kwa kazi ya siku na safari alizofanya, si kwa idadi ya vichwa. Nauli ziingie chungu kimoja cha sacco, na wenye magari wagawane kulingana na safari au kilomita ambazo kila gari limefanya. Hapo mtu mmoja mwenye saa mkononi pale mwanzo wa njia anaweza kusema "wewe ondoka" kila baada ya dakika 10, na hakuna atakayelala njaa kwa sababu ya viti vitupu.

Hili si wazo la mbali. Kanuni za uendeshaji wa magari ya abiria za NTSA za mwaka 2014 zinataka madereva na makondakta wawe na mikataba ya maandishi na mshahara wa kila mwezi. Kanuni hizohizo zinataka sacco au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30 ndipo ipewe leseni. Magari 30 yanatosha kabisa kuendesha njia yenye ratiba. Mwulize dere wa gari utakalopanda kesho kama ana mkataba. Jibu lake litakuonyesha umbali uliopo kati ya karatasi na barabara.

Kuna swali la haki hapa: gari likiondoka na abiria wanne saa nne asubuhi, nani analipia mafuta? Kwanza, chungu kimoja kinamaanisha kwamba gari lililojaa saa moja asubuhi linabeba hasara ya lile la saa nne. Pili, watu wakijua gari lipo, hupanda hata saa ambazo leo wangekaa nyumbani au kuita boda. Na hilo lisipotosha, basi pesa za umma zinaingia. Tunalipia barabara kwa kodi bila kuuliza kama zimeleta faida. Safari ya saa nne usiku inaweza kuwa huduma ya umma kama taa ya barabarani.

Kila njia huishia tao

Tatizo la pili liko kwenye ramani. Kenya Bus Service ilipoanza mwaka 1934, Nairobi ilikuwa mji mdogo, na kazi zilikuwa tao. Ilikuwa sawa kila basi kuelekea huko. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria kihalali, na zikaenea kwa njia iliyoeleweka: kila mwenye gari alifuata mahali ambapo abiria tayari walikuwa. Yaani tao tena.

Mwaka 2014, mradi wa Digital Matatus uliochorwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na watafiti wa MIT na Columbia ulitoa ramani ya njia hizo. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila kituo, na kukusanya zaidi ya njia 130. Ukiitazama ramani hiyo unaona rangi nyingi zikitoka kila pembe ya jiji na kufungwa fundo moja katikati.

Lakini kazi zilihama zamani. Ziko Westlands, Upper Hill, Kilimani, Industrial Area, Mombasa Road. Kijana wa Umoja anayefanya kazi Westlands anapanda gari la kwanza hadi tao, anashuka, anabeba begi kifuani, anakatiza umati hadi upande wa pili wa mji, kisha anaingia gari la pili na kungoja lijae. Analipa nauli mara mbili na anasubiri mara mbili. Nusu ya watu unaokutana nao tao saa moja asubuhi hawana shughuli yoyote tao, au ndivyo inavyoonekana ukiwaangalia wanavyokimbia.

Mwanzoni mwa Desemba 2018, kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilijaribu kulitatua kwa kuzifungia matatu nje ya katikati ya jiji. Asubuhi hiyo watu walitembea kutoka Ngara na Muthurwa, wazee na wajawazito miongoni mwao. Amri hiyo ilisitishwa haraka. Kosa halikuwa kutaka tao ipumue. Kosa lilikuwa kukata njia bila kuziunganisha.

Njia bora ni kuziacha zipite. Gari linalotoka Eastlands lisikomee tao na kuegesha, liendelee hadi Westlands. Lile la Ngong Road lipenye hadi Thika Road. Ghafla hakuna haja ya magari mawili kukaa yamegeuziana migongo yakijaza barabara za katikati. Pia ziwepo njia zinazozunguka jiji. Ukitazama Outer Ring Road utaona matatu tayari zinafanya hivyo, na zina abiria. Kinachokosekana ni mahali pazuri pa kubadilishia gari: paa, taa, choo, na gari la pili linalokuja kabla hujachoka. Bila hilo la mwisho, hayo mengine ni mapambo. Mtu hukubali kubadilisha gari anapojua kwamba lingine liko njiani.

Msongamano huiba mara mbili

Hapa kuna hesabu nyingine ambayo ungependa kuwasomea watu wa barabara. Tuseme safari ya kwenda na kurudi inachukua dakika 90. Ukitaka gari moja kila dakika 10, unahitaji magari 9. Msongamano ukiifanya safari hiyohiyo iwe saa tatu, unahitaji magari 18 kutoa huduma ileile. Kama huna 18, yale 9 yatakupa gari moja kila dakika 20. Kwa hivyo ukikwama barabarani, hukuchelewa wewe peke yako. Umemchelewesha pia yule anayekungoja upande wa pili.

Ndiyo maana njia maalumu ya mabasi si anasa. Ukiyapa magari ya abiria njia yao, ni kama umenunua magari mapya bila kununua. Mamlaka ya usafiri wa Nairobi na kaunti jirani, NaMATA, iliundwa mwaka 2017 kwa kazi kama hiyo. Mpango wake una njia tano za mabasi ya mwendokasi zilizopewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Majina tunayo. Ukipita Thika Road unakumbuka pia ule mstari mwekundu uliochorwa kutenga njia ya mabasi hayo. Magari ya kibinafsi yaliukanyaga mpaka ukafifia.

Lakini usidhani lami peke yake inatosha. Wenzetu wa Dar es Salaam walianza mwendokasi Mei 2016, kwenye njia ya takriban kilomita 21 kati ya Kimara na katikati ya jiji. Aliyefanikiwa kuingia ndani alifika haraka kuliko alivyowahi. Hata hivyo, kwa miaka mingi malalamiko yamekuwa yaleyale: mabasi machache, vituo vimefurika, watu wanaingilia madirishani. Mafuriko ya Jangwani, palipokuwa na karakana ya mabasi, yaliongeza shida. Foleni iliondoka barabarani ikahamia kituoni.

Sisi wenyewe tuna somo la nyumbani. Nyayo Bus ilizinduliwa 1986 kwa mbwembwe, mabasi makubwa ya serikali, nauli nafuu. Ikaporomoka miaka ya tisini kwa usimamizi mbaya. Kununua mabasi ni siku moja na utepe mmoja wa kukatwa. Kuyatoa kila asubuhi, yakiwa yamekarabatiwa, kwa saa iliyotangazwa, ni kazi ya kila siku, na ndiyo unayopaswa kuiulizia.

Kuna jiji lililoanza na ramani badala ya mabasi mapya. Agosti 2015, Houston huko Marekani ilibadilisha karibu njia zake zote za mabasi kwa siku moja, kwa sehemu kubwa ikitumia mabasi iliyokuwa nayo. Iliondoa njia nyingi zilizojipinda na zilizorundikana katikati ya jiji, ikaweka mtandao wa njia zinazokatana, nyingi zikiwa na basi kila dakika 15, hata wikendi. Kulikuwa na gharama: baadhi ya watu walianza kutembea mbali zaidi kufika kituoni. Ni uamuzi ambao Nairobi pia haitaukwepa. Steji kila kona na gari la haraka haviendi pamoja.

Nani anabeba mzigo huu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, bila kuhesabu Rongai, Ruiru, Kitengela na kwingineko wanakotoka wengi wetu kila asubuhi. Mwenye gari lake anakerwa na msongamano. Asiye na gari, kuna kazi ambazo hawezi hata kuziomba.

Mfikirie dada anayefunga mkahawa Kilimani saa nne usiku. Gari la mwisho halina saa. Huondoka likijaa, au haliondoki. Akikosa, ni boda ya gharama au kutembea gizani. Baadaye bosi atasema anataka "mtu anayeishi karibu". Mfikirie pia anayetumia kiti cha magurudumu. Leo kumpandisha kunachukua dakika mbili ambazo makanga anaziona kama pesa zinazopotea, kwa hivyo anaambiwa gari limejaa. Ukibadilisha jinsi makanga anavyolipwa, umeondoa sababu moja ya uongo huo. Na mfikirie yule wa Mukuru anayetembea hadi Industrial Area kwa sababu nauli haipo. Kwake, gari kila dakika 10 halina maana kama atalipa mara mbili. Tiketi moja inayoruhusu kubadilisha gari lazima iende pamoja na ratiba.

Na wahudumu wenyewe? Wengi ni vijana kama wewe. Leo wanaamka saa tisa usiku, wanalala saa sita, na wakiugua hakuna mshahara. Mpango wowote unaowafukuza barabarani utapigwa mawe, na kwa haki. Mpango unaowapa zamu na payslipu una nafasi ya kudumu.

Unaanzia wapi?

Utasikia kwamba matatu haziwezi kubadilika. Waliosema hivyo kabla ya Februari 2004 walishangaa. Waziri John Michuki alisimamia sheria zake na ghafla gari la abiria 14 likabeba 14, mikanda ikafungwa, makanga akavaa sare. Baadaye mambo yalilegea kwa sababu usimamizi ulilegea. Yote mawili yalitokea machoni petu.

Wewe anza na sacco yenu. Uliza maswali matatu: gari la kwanza na la mwisho ni saa ngapi, abiria atangoje kwa muda gani kabla gari kuondoka, na wahudumu wanalipwa vipi. Uliza kwa upole, uliza kwa wingi, uliza kwenye kurasa zao za mitandao ambako wengine wataona.

Kisha kusanya ushahidi. Katika grupu ya mtaa au ya kampasi, watu 20 waandike kwa siku tano saa waliyofika steji na saa gari lilipoondoka, asubuhi na jioni. Hizo ni rekodi 200. MCA wenu akisema hana habari, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kwenye bajeti, na vikao hivyo vya kaunti mara nyingi hujaa wazee huku vijana wakiwa steji wakingoja gari. Nendeni mkiwa wengi.

Na ukipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja, usiombe barabara mpya ya juu. Omba jaribio: njia moja, sacco moja, miezi mitatu, gari liondoke kila baada ya dakika 10 kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku, lijae lisijae, wahudumu wakilipwa mshahara na kaunti ikifidia pengo litakalobaki. Matokeo yabandikwe pale steji, ili kila abiria asome mwenyewe.